Picha ya Baba Isiyo na Kichwa

Katika nyumba yetu baba alikuwa mtu asiye na kichwa. Sisemi kwa mzaha, ndivyo nilivyomfahamu. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, na katika picha hiyo, juu ya kola ya koti, palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa wembe. Ukiielekeza dirishani, mwanga ulipita pale palipotakiwa kuwa na uso. Chini ya tundu kila kitu kilikuwa mahali pake: koti la kuazima lililompwaya mabegani, suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, viatu bila soksi. Mkono mmoja ulining'inia, mwingine ulikuwa begani kwa mama. Mama alikuwa amenibeba mimi, kitoto kichanga kilichovishwa kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya milimani. Kaka yangu, mtoto wa kuanza kukimbiakimbia, alikuwa ameng'ang'ania suruali ya baba. Pembeni kabisa alipita kuku, hana habari na mtu.

Picha hiyo ilipigwa Kigonsera, nje ya ukuta wa misheni, siku niliyobatizwa. Mpiga picha alikuwa mtu wa kupita tu, wala hakuna aliyejua kwao. Mama alipenda kutusimulia jinsi alivyowapanga, akiwasogeza huku na kule kama anayepanga vyungu, kisha akasema, "Mzee, weka mkono begani kwa mama." Baba alisita. Mbele ya watu, mbele ya mapadri, mume amshike mkewe bega! Lakini yule bwana alikuwa ameshainamia kamera yake, na filamu siku hizo haikuchezewa. Kila mtu alijua kwamba nafasi ni moja. Baba akaweka mkono. Mama alisema ndiyo mara pekee baba alipomgusa hadharani, na kila alipofika hapo katika masimulizi aliinamisha uso kama msichana.

Kichwa alikikata baba mwenyewe. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kilitaka kila mwanachama apeleke picha ndogo ibandikwe kwenye kadi yake ya ofisini. Mpiga picha hakuwapo jirani, msimu wa kupeleka kahawa ulikuwa umefika, na baba hakuwa mtu wa kupenda kuzungushwa. Akachukua wembe. Wengi walifanya hivyo. Hata leo ukiingia kwenye nyumba za wazee kule milimani utakuta picha ya harusi na bwana harusi mwenye dirisha juu ya shingo. Mama alipolalamika, baba alicheka, akasema, "Kichwa chenyewe si hiki hapa? Wewe niangalie mimi, achana na karatasi."

Hakuangaliwa sana. Mimi nikiwa bado mdogo, homa ilimchukua kwa siku chache, akazikwa kwao milimani, na mama akarudi nasi kwa ndugu zake mwambao wa Nyasa, kijiji kilichoko upande wa Mbamba Bay. Kule watu ni wavuvi na walima muhogo, na wengi ni Waanglikana. Mama alizaliwa Mwanglikana, akawa Mkatoliki kwa ndoa, na tangu arudi alisali katika kanisa lolote lililotangulia kupiga kengele. Watu walimtania kwa hilo. Yeye alijibu kwamba Mungu hana vitongoji.

Kuhusu kichwa cha baba, mama hakuwa na wasiwasi. Alisema kiko ofisini, kama mtu asemavyo kwamba ng'ombe wake yuko zizini. "Baba yenu anatunzwa na chama," alituambia. Kwetu chama kilikuwa sawa na serikali, na kilichoko serikalini hakipotei. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na nilipokuwa mwalimu Mbinga nami nikafundisha vivyo hivyo. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda milimani na magari yao, wakaichukua kahawa mlangoni kwa mkulima, na chama chetu kikakonda mpaka kikafungwa. Nilipokumbuka kwenda kuulizia kadi ya baba, ofisi ilikuwa imekodishwa kuwa ghala. Magunia yalifika darini. Mlinzi alinisikiliza kwa adabu, akaniambia makaratasi ya zamani yalitolewa nje yakanyeshewa, na yaliyosalia watu waliwashia moto wa kuchomea mahindi.

"Pole sana, mwalimu," alisema.

Nilisimama pale na mkoba wangu, nikitafuta mtu wa kumgombeza. Hakuwapo.

Sikumwambia mama. Yeye alikuwa na namna yake ya kuishi na ile picha. Mchana, akishamaliza kuanika muhogo, aliitoa kwenye sanduku, akaiweka mapajani, akalitazama lile tundu kwa muda, halafu akafumba macho. Tukiwa wadogo tulicheka kwa siri. Alipofumbua tulimuuliza, "Umemwona?" naye akatujibu, "Nimemwona. Leo amenyoa." Au, "Leo amekasirika, sijui mmefanya nini." Wajukuu nao walipokuja walimuuliza mama kichwa cha babu yao kiko wapi, na yeye akawachorea hewani kwa kidole: paji la uso hivi, sikio hili lilikuwa limechanika kidogo, pua hivi. Kila mtoto aliondoka na babu yake kichwani.

Basi likizo moja nilishuka ziwani nikamkuta mama amenywea. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kuniuliza habari za njiani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilidhani anaumwa. Tulipokaa kuchambua dagaa, akasema, "Mwanangu, baba yako ananiponyoka."

"Anakuponyokaje?"

"Sura. Zamani nikifumba macho anakuja mara moja. Siku hizi anakuja koti tu. Jana nimemtafuta mpaka kichwa kikauma. Kaongee na wale wa chama wakupe ile picha ndogo kabla hajaniishia kabisa."

Hapo sikuweza tena kuficha. Nilimweleza habari ya ghala, mvua na mahindi ya kuchoma. Hakulia. Aliendelea kutoa vichwa vya dagaa, kimoja kimoja, akavitupia paka. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilipoaga alinikabidhi ile picha, akasema nikae nayo kwanza, maana koti peke yake linamuumiza.

Nilipopanda kurudi Mbinga nilipitiliza mpaka Kitai kwa kaka yangu. Yeye alikuwa na duka kando ya barabara, na msimu ukifika alikusanya kahawa kwa niaba ya kampuni. Ukilitazama vizuri, soko huria lililotupotezea kichwa cha baba ndilo lililomlisha mwanawe. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa mkono, na aliiamini kompyuta kama bibi zetu walivyouamini mwarobaini. Nilipomsimulia maneno ya mama alipiga goti lake kwa kiganja. "Hilo dogo," alisema. "Siku hizi kuna studio ya dijitali Mbinga. Wanatengeneza chochote."

Hiyo studio niliijua, na sikuipenda. Kabla yake mji ulikuwa na mpiga picha mmoja aliyetundika pazia la ziwa alilolichora mwenyewe, lenye mawimbi yaliyosimama wima kama matuta ya viazi. Ulivaa nguo ya Jumapili, ukakaa, akakutengeneza kidevu kwa vidole viwili, akarudi nyuma, akatazama, akaja tena akakutengeneza. Halafu alisema "usipepese," nawe ukabana pumzi kama aliyesimama mbele ya hakimu. Picha ilipelekwa Songea kusafishwa, ukaisubiri, ukaiota, na ikija umefumba macho basi ndiyo picha yako, kaa nayo. Sisemi ilikuwa raha. Nasema tu kwamba uliyemwona pale ulikuwa wewe. Ilipokuja dijitali, watu walipigwa mara nyingi kama kuku anavyodonoa, wakachagua, wakafuta, wakawekwa mbele ya maporomoko ya maji, mbele ya ndege, mbele ya maghorofa ya Ulaya. Wanafunzi wangu, watoto wa Kimatengo ambao hawajafika hata Songea, waliniletea picha wamesimama kwenye theluji kwa kandambili. Yule mzee wa pazia akaishia kuuza soda katika studio yake mwenyewe.

Tulikwenda siku ya soko. Mwenye studio alikuwa mwanamume mcheshi aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliipokea picha yetu, akaichungulia, akatuchungulia sisi kupitia tundu.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hakipo," nilisema. "Ndiyo maana tumekuja."

"Hamna tabu, mwalimu. Nipeni kichwa chochote cha ukoo, mimi nakipandikiza."

Alipokwisha kuipitisha picha kwenye skana, baba alitokea kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona. Lazima niseme ukweli, mwili ulinisisimka. Niliona kifungo kimoja cha koti kimelegea. Niliona vumbi la Kigonsera kwenye viatu. Niliona vidole vyake begani kwa mama, na kumbe havikuwa vimelala. Vilikuwa vimegusa kwa ncha tu, kama mtu anayepima moto wa chungu. Maisha yangu yote niliitazama ile picha, na sikuwahi kuliona hilo. Laiti tungeishia hapo, tukashukuru, tukaondoka.

Lakini yule bwana, wakati akisubiri kaka anyooshe kola yake ili apigwe picha ya kichwa, alianza kujaribu vichwa vilivyokuwamo katika mashine. Akamvisha baba kichwa cha bwana harusi. Akamvisha cha diwani. Akamvisha cha mwanakwaya aliyefungua kinywa. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo ni baba yetu," nilisema, "siyo msumari wa kutundikia kofia."

Kaka akakaa kwenye kiti. Wazee wote wa ukoo walisema yeye amemfuata baba, na mimi sikuwa na cha kubishia, maana wao walimwona baba na mimi sikumwona. "Kunja uso kidogo, bosi," mwenye studio alimwambia, "watu wa zamani hawakuwa wanacheka." Flashi ikawaka. Dakika si nyingi kaka yangu alikuwa amevaa koti la baba. Jua la Kigonsera lilikuwa limepiga koti kutoka kushoto, lakini uso uliwaka kote sawa kama sahani. Nilimwonyesha mwenye studio. Akasugua kwa kipanya cha kompyuta, na kivuli kikaja shavuni, kizuri kabisa. Sikuwa nimejua kwamba kivuli nacho ni kitu cha kupaka.

"Alikuwa na masharubu?" aliuliza.

"Alikuwa nayo," kaka alisema.

"Umeyajulia wapi?" nilimuuliza.

"Mwanamume wa enzi zile akose masharubu?"

"Twende tukamuulize mama kwanza," nilisema. "Tusubiri." Lakini kule kwetu ziwani simu zilikuwa hazijashika bado, Krismasi ilikuwa inakaribia, na kaka alitaka mama aipate kama zawadi asiyoitegemea. Asiyekuwapo na lake halipo. Baba akaota masharubu. Akapakwa rangi, koti likawa la bluu. Nguo ya mama ikawa ya waridi. Niliweza kukataa maporomoko ya maji tu; ule ukuta wa misheni uliponea kwangu. Picha ya zamani tulirudishiwa ndani ya bahasha, nami nikaitia mkobani.

Siku ya Krismasi kaka aliifungua mbele ya watu wote, ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Majirani walisukumana. Wazee waliokuja kutoka milimani kwa sikukuu walipiga makofi wakasema ndiye, ndiye mwenyewe, mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli wao walimkumbuka. Wajukuu walimwamkia babu yao, "Shikamoo babu," kwa sauti moja. Mama aliishika fremu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Kuku wangu yuko wapi?" aliuliza.

Hata mimi sikuwa nimegundua. Mwenye studio alikuwa amemfuta. Labda alimwona uchafu. Watu waliangua kicheko, na mama akacheka nao. Kisha akamshika kaka kichwani, akambariki, akasema, "Ahsante mwanangu. Umenirudishia baba yenu." Kaka yangu, mtu mzima mwenye duka na watoto, alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yalipokauka. Fremu ikatundikwa ukutani chumbani kwa mama, mkabala na kitanda. Nilijilaumu kwa mdomo wangu mrefu. Nilijiambia, mwalimu, si kila kitu ni cha kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nilirudi Pasaka peke yangu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na nilifika nimechoka, nikapitiliza chumbani kwa mama kutua mizigo. Fremu ilikuwa bado ukutani, lakini imefunikwa kanga. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Nilipoinua mkono kuifunua, mama, ambaye alikuwa amenifuata, alisema, "Iache."

Akakaa kitandani. Akapigapiga kitanda pembeni yake kwa kiganja, nikakaa.

"Usimwambie kaka yako," alianza. "Yule ni mtoto wangu niliyemzaa kwa tumbo hili. Anasimama pale pa mume wangu. Ameniwekea mkono begani, na mimi nimembeba wewe. Nitavuaje nguo humu ndani, mwanangu? Nitalalaje? Mwanzo nilisema ni picha tu. Nikawa nageukia ukuta wa pili. Baadaye nikafunika."

Nilihisi uso wangu unawaka. Tulikuwa watatu mbele ya ile kompyuta, watu wazima wenye wazazi, na hakuna hata mmoja aliyeuona ule mkono. Mimi niliyesifia vidole vya baba ndiyo kabisa. Kwetu mwana hakai hata kwenye kigoda cha baba yake mbele ya mama, na sisi tulimpiga picha, tukamlipia na fremu.

"Tutaitoa sasa hivi," nilisema. Nikasimama, nikaiondoa ukutani pamoja na kanga yake, nikaipeleka chumba cha nje, nikaigeuza uso chini kwenye gunia la muhogo. Niliporudi nilitoa bahasha mkobani. Ile picha ya zamani ilikuwa bado humo, sikuwahi kuitoa. "Hii hapa yako. Na tundu lake, na kuku wake. Kaa nayo kama zamani."

Mama aliipokea kwa heshima, akapangusa kwa upindo wa kanga. Akaiweka mapajani. Alipomwona kuku alitabasamu. Kisha akalitazama tundu kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya mchana baada ya kuanika muhogo, akafumba macho. Huko nje wanawake walikuwa wakiitana kwenda ziwani, na mimi nilimwangalia usoni mama yangu jinsi kope zilivyokuwa zikitetemeka, nikaomba, sijui kwa kengele ya kanisa gani, kwamba aje. Hata bila pua. Hata koti tu.

Alifumbua macho, akanirudishia picha.

"Bado ni kaka yako," alisema.